Chokaa uliyonayo ni ipi? Namna ya kuitambua na kuitumia bila kuumiza kuku, kahawa wala macho yako

Naanza na kisa cha shemeji yangu wa Machame maana ndo kimenifanya nikae niandike. Alikuwa na kuku wa mayai kama mia mbili hivi, mayai yakaanza kutoka na ganda laini, ukilishika linabonyea kama mpira. Mtu akamwambia shemeji hao wamepungukiwa kalsiamu, waongezee chokaa. Ushauri wenyewe ulikuwa sahihi kabisa. Akashuka Moshi mjini, akaingia duka moja la vifaa vya ujenzi akasema naomba chokaa, akapewa chokaa, mfuko umeandikwa chokaa, unga mweupe, akapanda nao daladala mpaka nyumbani akachanganya na pumba na mashudu. Siku ya kwanza kuku wakadonoa wakaacha, siku ya pili wanakikwepa chombo kabisa, wengine pembeni ya mdomo pamekuwa pekundu, na mayai yakaporomoka. Alikuwa amewalisha chokaa ya kupaka ukuta.

Hakuibiwa. Muuzaji alimpa alichoomba. Shida ni kwamba kwetu huku vitu vitano tofauti vyote tunaviita chokaa, vyote vyeupe, vyote vina kalsiamu ndani, lakini kimoja kinalisha kuku, kingine kinachoma ngozi, kingine kinatibu udongo, na ukivibadilishana unaumia. Kwa hiyo mwongozo huu kazi yake kubwa ni moja: ujue uliyoshika mkononi ni ipi kabla hujaimwaga popote. Ukishajua, matumizi ni rahisi.

KALSIAMU YENYEWE NI KITU GANI

Kidogo tu, usikimbie. Kwenye jedwali la elementi kalsiamu ni namba 20, ipo kundi la pili pamoja na beriliamu, magnesiamu, strontiamu, bariamu na radiamu. Ni metali, ndiyo, metali ya kung'aa kama fedha, ila hutakaa uiokote barabarani maana haiwezi kukaa peke yake. Ina elektroni mbili za nje ambazo inazigawa kwa yeyote anayepita, hewa, maji, asidi, yaani ukiitumbukiza kwenye maji inatoa mapovu ya haidrojeni hapohapo. Ndo maana watu wametumia chokaa maelfu ya miaka bila kuiona kalsiamu yenyewe, mpaka mwaka 1808 Humphry Davy kule London alipoitenganisha kwa umeme, na mwaka huohuo akazitoa na magnesiamu, strontiamu na bariamu. Jina lenyewe limetoka kwenye neno la Kilatini calx, maana yake chokaa. Kwa hiyo chokaa ndo mama, kalsiamu ndo mtoto aliyepewa jina la mama.

Mwilini kwako unayo kama kilo moja ukiwa mtu mzima, na asilimia 99 ya hiyo imekaa kwenye mifupa na meno.

Na kwa watu wa Arusha mnaopenda kujisifia mlima wenu wa Lengai, nawapa hii bure: lava ya Oldoinyo Lengai siyo kama ya volkano nyingine, inatoka nyeusi na imejaa kaboneti, afu ikikutana na hewa na unyevu inageuka nyeupe. Ndani yake kuna madini ya sodiamu na kalsiamu yanaitwa nyerereite, ndiyo, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Sisi wa Moshi hatuna jiwe la Mwalimu, Kilimanjaro nayo ni volkano lakini mawe yake siyo ya chokaa, ndo maana chokaa yetu nyingi inabidi ije kutoka mbali, Tanga kwa mfano ambako mawe ya chokaa yamejaa.

VYEUPE VITANO

Cha kwanza ni unga wa mawe ya chokaa, yaani jiwe limesagwa tu, halijachomwa. Kwa kikemia ni kalsiamu kaboneti. Huyu ni mpole, unaweza ukamshika mkono mtupu. Ganda la yai ni huyuhuyu, ganda la konokono ni huyuhuyu, na yale magamba meupe chini ya birika lako ni huyuhuyu. Dukani utamkuta kama chokaa ya mifugo au chokaa ya kilimo.

Cha pili ni dolomiti, ndugu yake, nayo ni jiwe limesagwa ila lina magnesiamu pamoja na kalsiamu. Mpole pia.

Cha tatu ni chokaa iliyotoka tanuruni ikiwa haijazimwa. Ukilichoma jiwe la chokaa mpaka kama nyuzi 900 za sentigredi linatoa kaboni dayoksaidi, na kilo 100 za jiwe safi zinabaki kilo 56 tu. Hizo 56 ndo kalsiamu oksaidi. Huyu ni mkali kuliko wote, ana kiu, akiguswa na maji anachemka, na unyevu wa jicho lako ni maji, jasho la mgongo wako ni maji, unaelewa ninakokwenda.

Cha nne ni chokaa iliyozimwa, yaani ile ya tatu ikishanyweshwa maji na kuwa unga laini. Ndo ya kupaka ukuta, ndo aliyonunua shemeji. Haichemki tena lakini bado ni kali, maji yake yakikolea pH (kipimo cha asidi na alkali, 7 ndo katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni alkali) inafika kama 12.4, hiyo inaunguza ngozi taratibu bila wewe kusikia mwanzoni.

Cha tano ni jasi, ile wanayopigia dari. Ni kalsiamu salfeti. Wala siyo chokaa ila kwa sababu ni nyeupe na inavumbia watu wanaichanganya humohumo. Inachimbwa hapahapa mkoani Kilimanjaro, Makanya kule Same.

HATUA YA 1: JIKINGE

Miwani ya kufunika macho, siyo ya jua ya kujitia ubishoo. Glavu za mpira, shati la mikono mirefu, viatu vya kufunika, barakoa au kitambaa puani. Simama upepo ukiwa mgongoni kwako. Na kabla hujafungua mfuko weka ndoo ya maji safi pembeni na kopo lake, kabla siyo baada, kwa sababu chokaa ikiingia jichoni hutakuwa na muda wa kumtuma mtoto bombani.

Ikitokea imeingia, fungua jicho kwa vidole na mwaga maji safi mfululizo dakika 20 au zaidi huku ukigeuza jicho kila upande, afu hospitali siku hiyohiyo hata kama maumivu yameisha. Usiweke limao wala siki eti kuua ukali, usiweke maziwa, usiweke mafuta. Ikimwagika unga mkavu kwenye ngozi uikung'ute kwanza ndo uoshe.

HATUA YA 2: JARIBIO LA MAJI

Chukua kikombe cha bati cha zamani, weka vijiko viwili vya maji, afu tia kijiko kimoja cha chakula cha huo unga au kipande kidogo. Rudi nyuma kidogo usubiri hadi dakika kumi. Kikombe kikipata moto, unga ukavimba, mvuke ukatoka, hiyo ni ya tatu, haijazimwa. Isipopata moto endelea hatua inayofuata. Jaribio hili lisifanyike kwenye chupa yenye kifuniko hata siku moja, mvuke ukikosa pa kutokea chupa inapasuka na kukurushia uji wa moto usoni. Watoto wa mtaani wanapenda sana huo mchezo, ukiwaona watimue.

HATUA YA 3: JARIBIO LA LIMAO

Kijiko kingine cha unga kwenye sahani, kamulia limao au mwagia siki. Kikitoa mapovu kama soda, hicho ni kaboneti, yaani unga wa mawe ya chokaa au dolomiti. Mapovu yakija haraka na kwa fujo ni cha kwanza, yakija kivivu ni dolomiti huenda, ukiipasha siki moto kidogo ndo inaamka. Hapa ndo shemeji angejikomboa kwa limao moja.

Angalizo, chokaa iliyozimwa ikiwa imekaa muda mrefu mfuko wazi inaweza kutoa mapovu kidogo, nitaeleza mwishoni kwa nini.

HATUA YA 4: JARIBIO LA MANJANO

Sasa haijapata moto, haijatoa mapovu, una chokaa iliyozimwa au una jasi. Nenda jikoni chukua bizari ya manjano, ile ya pilau na mchuzi, koroga nusu kijiko kwenye maji. Tia chembe ya unga wako. Yakigeuka mekundu ya kahawia, hiyo ni chokaa iliyozimwa maana manjano hugeuka rangi ikikutana na kitu cha alkali kali. Yakibaki njano, ni jasi. Mama mkwe aliniona nafanya hivi akauliza napika nini, nikamwambia mama napima chokaa, akasikitika sana kuhusu bizari yake.

Ukishajua, andika kwa maka pen kwenye mfuko. Herufi kubwa.

HATUA YA 5: KUKU

Kuku wa mayai anapewa ya kwanza tu, kaboneti, ile inayotoa mapovu haraka. Yai moja ganda lake linabeba karibu gramu 2 za kalsiamu, na kuku hanyonyi yote anayokula, kwa hiyo anahitaji kama gramu 4 kwa siku, ndo maana chakula cha kutagia kinatakiwa kiwe na kalsiamu asilimia 3.5 mpaka 4. Unga wa chokaa safi una kalsiamu kama asilimia 38, ukipiga hesabu kwenye chakula cha kilo 100 unaweka kilo 8 mpaka 9 hivi, ukipunguza kidogo kama umeshatia unga wa mifupa au dagaa wengi.

Jambo ambalo wengi hawalijui, ganda linatengenezwa usiku wakati kuku amelala. Chokaa yote ikiwa unga laini inapita mapema, kwa hiyo kama unaweza kupata ya chengachenga, nusu iwe hiyo, na uwape jioni. Inakaa kwenye firigisi ikiyeyuka pole pole usiku kucha. Maganda ya mayai yenyewe unaweza kuyarudisha, yachemshe, yakaushe, yaponde mpaka yasionekane kuwa ni ganda, la sivyo unawafundisha kula mayai yao wenyewe na hiyo tabia ikianza haikomi.

Vifaranga na kuku wanaokua usiwape chakula cha kutagia eti wakomae mifupa. Kalsiamu ikizidi kabla ya kutaga inaharibu figo. Wao asilimia 1 inawatosha.

Na kuhusu kumwaga chokaa chini bandani, banda likiwa tupu, limefagiliwa, sawa, paka ukuta, nyunyiza sakafu kwa ile iliyozimwa, acha ikauke siku kadhaa ndo uweke maranda mapya. Ukimwaga juu ya maranda yenye mavi mabichi kuku wakiwa ndani unafukuza amonia yote kwa mpigo, harufu inapanda, macho yanawauma, miguu inaungua. Nimeona banda moja hivyo na mwenyewe alikuwa anajisifia usafi.

HATUA YA 6: KIHAMBA NA SHAMBA

Hapa ndo pana mambo. Kihamba ndo shamba letu la nyumbani, la kahawa na migomba. Udongo wa mlimani, Kibosho, Uru, Marangu, Rombo, mvua ni nyingi na inasafisha kalsiamu na magnesiamu inakwenda nazo chini, afu tumeweka mbolea ya urea, DAP na SA miaka na miaka na hizo zote zinaongeza asidi. Udongo ukishuka chini ya pH 5 hivi alumini inaanza kuyeyuka inachoma mizizi, fosfora inafungwa, unaweka mbolea kahawa haioni. Mtu anasema mbolea feki. Wakati mwingine mbolea ni nzima, ila udongo umefunga mlango.

Lakini usiweke chokaa kwa macho. Pima. Zunguka shamba kwa mwendo wa zigizaga, chimba sehemu 10 mpaka 15 kina cha sentimita 20, ondoa majani ya juu, changanya udongo wote kwenye ndoo ya plastiki, chukua nusu kilo, anika kivulini, weka kwenye mfuko safi uandike jina la shamba. Usichukue penye jivu la jikoni wala zizini, jivu lenyewe lina kalsiamu na potasiamu litakudanganya. Afisa ugani wa kata atakuelekeza pa kupeleka, kwa kahawa wapo TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, pale Lyamungu, kwa upande wa Arusha wapo TARI Selian, watafiti wa kilimo.

Majibu yakisema tani moja kwa ekari usiogope ukubwa wa namba, hiyo ni robo kilo kwa kila mita moja ya mraba. Mbuni wenye kivuli cha mita moja kila upande kutoka shinani una eneo la mita tatu za mraba na kidogo, kwa hiyo ni kama robo tatu ya kilo unaisambaza chini ya matawi, siyo kuirundika shinani kama jivu la mafiga. Changanya na udongo wa juu taratibu usikate mizizi. Kwenye shamba la mahindi au maharage mwaga lote afu lima iingie ndani.

Kipimo hicho ni cha kaboneti. Ukiwa na iliyozimwa tu, kilo 74 zinafanya kazi ya kilo 100 za unga wa mawe, na isiyozimwa kilo 56 zinatosha, lakini mimi siwashauri kuzitumia shambani penye mimea, zinaunguza. Chagua unga wa mawe uliosagwa laini, na kama majibu yanaonyesha magnesiamu nayo iko chini, au majani ya chini ya kahawa na migomba yanakuwa ya njano katikati ya mishipa huku mishipa imebaki kijani, chagua dolomiti, unaua ndege wawili.

Weka mwezi mmoja au miwili kabla ya kupanda, kabla ya masika au vuli, maana inahitaji unyevu na muda. Usiichanganye siku moja na urea, SA wala samadi mbichi, nitrojeni inageuka amonia inaruka hewani na hela yako, acha wiki mbili tatu katikati.

Sasa ukishuka chini, Moshi chini kwenye mpunga, au tambarare za Arusha zenye udongo wa magadi, sahau yote niliyosema. Kule pH iko juu tayari, ardhi ikikauka inatoa unga mweupe, maji yanasimama hayaingii. Ukiweka chokaa kule unaongeza tatizo. Kule ndo mahali pa jasi, kalsiamu yake inamsukuma sodiamu atoke kwenye udongo, afu maji mengi ya kumwagilia yamsukume chini, na kama hakuna mfereji wa kutolea maji hayo huna unachofanya. Kalsiamu ileile, ila aliyefungwa naye ni tofauti, salfeti haina ukali wa kupandisha pH.

Nyanya kuoza kitako, hili naulizwa sana na wakulima wa Ngarenanyuki na pale karibu. Kweli ni upungufu wa kalsiamu kwenye tunda, lakini mara nyingi shambani ipo ya kutosha, ni maji yanakuja leo mengi kesho hakuna. Kalsiamu inapanda na maji tu, haihamishwi kutoka jani la zamani kwenda kwenye tunda. Kwa hiyo rekebisha ratiba ya kumwagilia na tandaza nyasi kabla hujanunua kichupa cha bei mbaya cha kunyunyiza.

HATUA YA 7: MRUTUTU NA CHOKAA

Mrututu ni kopa salfeti, zile chenga za bluu zenye shaba. Dawa ya wazee hii, kwa kutu ya majani na chulebuni (ugonjwa wa kuozesha matunda) kwenye kahawa, na ukungu wa nyanya. Ilianzia Ufaransa, wakulima wa zabibu karibu na Bordeaux walikuwa wanapaka mizabibu ya kando ya barabara mrututu na chokaa ili wapita njia wasiibe, iwe na rangi ya kutisha na ladha mbaya. Profesa mmoja, Millardet, akapita akaona ile ya kando ya barabara haina ukungu, ya ndani imekwisha. Mwaka 1885 akaitangaza. Yaani wezi wa zabibu ndo walituletea dawa, sijui wezi wa ndizi wa kwetu watatuletea nini.

Kwa pampu ya lita 20 unahitaji mrututu gramu 200 na chokaa iliyozimwa gramu 250, iwe mpya, ile isiyotoa mapovu kwenye limao. Vyombo viwe vya plastiki, bati na chuma vinaliwa. Usiku funga mrututu kwenye kitambaa uning'inize juu juu ndani ya ndoo yenye lita 10 za maji, asubuhi umeyeyuka wote, ukiutupa chini ya ndoo unakaa siku nzima. Ndoo nyingine kubwa koroga chokaa na lita 10 mpaka iwe maziwa, chuja kwa kitambaa maana mchanga unaziba nozeli. Afu mwaga ya bluu ndani ya ile nyeupe pole pole huku mtu anakoroga, usigeuze. Itakuwa rangi ya anga.

Kabla ya kupiga, chovya msumari msafi dakika moja. Ukitoka na rangi nyekundu ya shaba, chokaa haijatosha na dawa itaunguza majani, ongeza kidogo upime tena. Kazi ya kalsiamu hapa ndo hiyo, kuituliza shaba ishikamane na jani bila kuliua. Piga siku hiyohiyo, asubuhi au jioni, ya kulala usitumie. Na pampu usiisafishie kwenye mfereji, shaba inaua samaki na huko chini kuna watu wanachota.

HATUA YA 8: UKUTA

Hii napita haraka maana mafundi wapo. Loweka chokaa iliyozimwa kwenye maji usiku mzima iwe kama uji, kesho yake ongeza maji mpaka iwe kama maziwa, mimi natia chumvi ya mawe nusu kilo kwa ndoo ya lita 20 ishike unyevu. Lowanisha ukuta kwanza. Paka nyembamba mara tatu kuliko nene mara moja. Ikiwa mbichi inaonekana kama haijapaka kitu, usiongeze, inazidi weupe ikikauka, na inaendelea kuwa ngumu siku kadhaa kwa sababu inavuta kaboni dayoksaidi ya hewani na kurudi kuwa jiwe. Juu ya rangi ya mafuta haishiki. Wazee wa pwani walijenga Kilwa nzima kwa matumbawe na chokaa ya matumbawe yaliyochomwa, na kuta nyingine bado zimesimama.

Choo cha shimo, kopo moja mara kwa mara linapunguza harufu na nzi, ila lile karo la kisasa linalotegemea bakteria usilimwagie, utawaua wafanyakazi.

KUHUSU BIRIKA NA MENO YA ARUSHA

Magamba ya birika, mimina siki na maji nusu kwa nusu, chemsha kidogo, acha saa moja, yanayeyuka kwa mapovu yaleyale ya hatua ya tatu. Hayana sumu.

Tatizo la maji ya Arusha ni floraidi, ndiyo inayotia meno rangi ya kahawia, na hiyo kwenye maji haionekani wala haitoki kwa kuchemsha, ukichemsha maji yanapungua floraidi inabaki, inakolea. Hapo kalsiamu inarudi kwa sura nyingine kabisa, mifupa ya ng'ombe. Mfupa ni kalsiamu fosfeti, ukiuchoma vizuri kwa hewa kidogo unapata mkaa wa mifupa ambao unanasa floraidi maji yakipita. Kituo cha Ngurdoto kule Arumeru kimefanya kazi hiyo miaka mingi. Usijaribu kuchoma mifupa uani ukachuja nayo, ikichomwa vibaya maji yananuka na haichuji, nunua chujio lililotengenezwa na uulize mkaa unabadilishwa lini. Na magadi ya kupikia maharage nayo mengi yana floraidi, hilo mama zetu hawapendi kulisikia.

HATUA YA 9: KUTUNZA

Isiyozimwa ihifadhi kwenye chombo cha chuma au plastiki chenye mfuniko, mbali na maji, mbali na maranda na nyasi kavu, ikilowa kwenye paa linalovuja inaweza kupata moto wa kuwasha vitu. Iliyozimwa funga mdomo wa mfuko vizuri, ndani ya mfuko wa nailoni. Ikikaa wazi inavuta hewa na kurudi pole pole kuwa kaboneti, jiwe lilelile ilikotoka kabla ya tanuru.

Mfuko wa shemeji ulikaa stoo wazi karibu miaka miwili, hakuna aliyetaka kuugusa. Mwaka jana nilipanda Machame nikamkamulia limao juu yake, ikafanya mapovu mpaka pembeni ya sahani, na kwenye manjano ikabaki njano. Kwa ukuta haifai tena, kwa mrututu haifai. Tukaichekecha, tukavunja mabonge, na kwa kuwa alikuwa na majibu yake ya udongo yanayosema pH 4.9, tukaitandaza yote chini ya mibuni. Kuku hatukuwapa, wenyewe siku hizi wanakula ya dukani iliyoandikwa kwa maka pen, na shemeji kabla ya kuchanganya bado analikamulia limao kila mfuko mpya.